Niuze la zamani ninunue lenye skrini? Maswali yenu na majibu

Maswali ya mwezi huu ni mengi, na karibu yote ni swali moja lililobadilishwa nguo: niuze gari langu la zamani ninunue la kisasa? Nimechagua machache. Mliouliza "gari gani ni zuri?" bila kutaja mnaishi wapi, mnapita barabara gani na fundi wenu anajua nini, mtanisamehe. Swali hilo halijibiki, na nimeshalisema hili hadi nimechoka.

Shikamoo mzee. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A. Wenzangu kazini wananicheka, wanataka niiuze, niongezee hela nichukue Mazda CX-5 ya dizeli. Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita nne. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Jibu umeliandika mwenyewe: kilomita nne.

CX-5 ya dizeli ni gari zuri kwa mtu wa safari ndefu. Kwenye ekzosi yake kuna chujio la masizi, ndilo hilo mafundi wanaloliita DPF. Chujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue ekzosi lazima ipate moto mkali kwa muda wa kutosha. Moto huo unaupata ukielekea Dodoma. Kihonda hadi Msamvu huupati. Ukilizima gari kila siku kabla halijamaliza kujisafisha, masizi yanajaa, na ile dizeli ya ziada ambayo injini huipuliza ili kuongeza joto inateremka kwenye oili. Siku moja unachomoa dipstiki unakuta oili imepanda. Wengi hufurahi, wanadhani injini haili oili. Kumbe ni dizeli imeingia, oili imekuwa nyepesi kama maji na vyuma vinasagana.

Kuna na suala la mafuta yenyewe. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa kila milioni) mwaka 2015, na ilikuwa hatua kubwa. Lakini injini hizi zilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako kiwango ni 10 ppm. Oili yake nayo ni ya daraja maalumu. Kwa matoleo ya Japani inaitwa DL-1. Nenda kwa muuza oili wa jirani yako umuulizie. Akikujibu "oili ni oili tu, kaka", umeshajua gari hilo litaishi maisha gani mikononi mwako.

Corolla yako, kwa upande mwingine, ina spea kuanzia Gerezani na Ilala hadi kwenye duka lolote la Morogoro lenye rafu mbili. Kila fundi wa mji wako ameshaifungua injini ya 5A, wengine wakiwa bado vijana wa kushika tochi. Chukua sehemu ndogo ya hela uliyotaka kuongeza: badilisha bushi zote za mbele, shokapu nne, mipira ya maji yote, rejeta kama ina kutu, na mkanda wa taimingi kama hukumbuki ulibadilishwa lini. Halafu tairi. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2219 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi ni tairi bovu, hata kama muuzaji amelipaka dawa likang'aa.

Ila nisikudanganye kwa mapenzi. Corolla za umri huo nyingi hazina ABS, ile inayozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, na nyingine hazina hata eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali. Ungeniambia kila wiki uko njia ya Iringa usiku na watoto nyuma, ningekushauri uiuze, ukatafute gari la petroli lenye ABS, eabegi na mfumo wa kuzuia gari lisiteleze. Teknolojia hizo tatu zinastahili hela yako. Skrini ya inchi kumi haijamwokoa mtu kwenye kona za Kitonga.

Gari gani halili mafuta? (Wasomaji wengi)

Lililoegeshwa.

Fundi wangu alitoa "kidude kinachozuia maji" kwenye Premio akisema huku Afrika hakihitajiki. Sasa gari linakula mafuta na asubuhi hita haitoi joto. Vina uhusiano? (Msomaji, Mbeya)

Kidude hicho ni thamostati, na hasira yangu hapa ni ya siku nyingi. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Kwenye injini ya 1NZ hufunguka kwenye nyuzijoto 80 na kitu. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi muda wote. Kompyuta ya gari inaona ubaridi huo, inaongeza petroli kama inavyofanya alfajiri unapowasha. Unalipia petroli ya alfajiri mchana kutwa. Mbeya tena, mji wenye baridi kama huo! Hita ingetoa wapi joto?

Habari za "Afrika ni joto, haihitajiki" zilianza kwa sababu thamostati mbovu hukwama ikiwa imefungwa, injini ikachemka. Dawa ya thamostati mbovu ni thamostati mpya. Nunua halisi, irudishe, na weka kulanti badala ya maji ya bomba, maana maji ya bomba yana chumvi na chumvi inakula aluminiamu. Kama taa ya injini imewaka, pima: ukikuta kodi (namba ya hitilafu) P0128, gari lenyewe limekuwa likikwambia maneno haya haya.

Taa ya "check engine" ya IST yangu inawaka. Fundi umeme anataka elfu ishirini aizime. Nimpe? (Msomaji, Kimara)

Anaizima vipi? Kama anatafuta tatizo na kulitatua, mpe na uongeze. Kama anakata waya wa taa au anaifuta kwa mashine ili iwake tena kesho kutwa, elfu ishirini nunua nazo chakula.

Mnaoogopa magari yenye kompyuta, sikilizeni: kompyuta ya gari ni rafiki wa mwenye gari kuliko wa fundi mwongo. Chini ya usukani kuna soketi. Kifaa kidogo cha kuchomeka hapo kinauzwa Kariakoo kwa bei ya chini kuliko oili ya sevisi moja, kinaongea na simu yako na kukupa kodi. P0300 ni injini inamisi. P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli, mara nyingi mpira umepasuka mahali. P0420 ni masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, hayafanyi kazi yake. Kodi haikwambii "badilisha hiki". Inakwambia uanze kuangalia wapi. Fundi anayesoma kodi na papo hapo kukuandikia spea nne za kununua hajui kuisoma.

Taa ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, usiendelee na safari. Petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuyayeyusha. Na kuhusu masega: mtu akikwambia ayatoe "gari livute vizuri", muulize atayapeleka wapi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Hayatupi jalalani. Anayauza, na wewe umemlipa hela ya kuyatoa.

Nimepata Nissan Leaf ya mnada kwa bei nzuri mno. Naishi Mombasa. Kuna ubaya? (Msomaji, Nyali)

Bei nzuri mno ina sababu. Leaf ni gari la umeme, na betri ya vizazi vyake viwili vya kwanza haina mfumo wa kupozwa kwa maji wala kwa gesi. Inategemea hewa tu, na joto ndilo linaloiua. Upande wa kulia wa dashibodi, karibu na kipimo cha chaji, kuna vipau vidogo 12. Hivyo haviinuki ukichaji: vinaonyesha betri imebaki na uwezo kiasi gani. Kipau cha kwanza kikitoweka, imeshapoteza takriban asilimia 15. Dai picha ya dashibodi kabla hujatuma hata shilingi, na uhakikishe ni ya gari hilo.

Kwa shughuli za mjini, kutoka Nyali hadi kisiwani na kurudi, Leaf yenye vipau kumi na juu itakufaa, ukichaji nyumbani usiku na kuliegesha kivulini. Kwa Malindi na kurudi siku hiyo hiyo, na betri ya zile za mwanzo, hapana. Na kwa kuwa Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, usishangae wauzaji wakikusukuma uharakishe gari lililokaribia mpaka huo. Haraka hiyo ni yao, isikutoe jasho wewe.

Gari langu la 2005 lina eabegi. Zinaisha muda? (Msomaji, Tanga)

Hili naomba lisomwe na kila mtu wa pwani, hata asiye na swali.

Kampuni ya Takata ya Japani iliuza duniani kote eabegi ambazo kibomu chake cha kujazia hewa kilitumia amonia naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu inaharibika. Siku ya ajali, kasha lake la chuma linapasuka na kumrushia dereva vipande usoni na shingoni. Watu wamekufa kwenye ajali ndogo ambazo wangetoka nazo na michubuko. Ziliitwa zirudishwe takriban milioni 100 duniani, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Magari yaliyohusika ndiyo haya tunayoyaendesha: Corolla, Vitz, X-Trail, Fit na mengineyo mengi, hasa ya miaka ya 2000. Na joto pamoja na unyevunyevu, wapi kama Tanga, Mombasa, Dar na Unguja?

Mwenye gari Japani alipata barua ya kuitwa. Gari lililokuwa limeshauzwa huku halikupata barua. Chukua namba ya chasisi kwenye kadi ya gari, uiingize kwenye ukurasa wa wito wa marekebisho wa mtengenezaji, au uende kwa wakala wake ukaulize. Usimruhusu fundi wa mtaani aichomoe eabegi: ni kitu cha kulipuka. Wala usinunue eabegi ya mtumba, maana unaweza kutoa mbovu ukafunga mbovu nyingine.

Mimi ni mtetezi wa magari ya zamani na sitabadilika. Lakini kulitetea gari la zamani bila kulitaja hili ni udalali.

Redio ya gari inaongea Kijapani na haishiki stesheni nyingi. (Msomaji, Arusha)

Mawimbi ya FM ya Japani huanzia 76, na redio nyingi zinaishia 90. Zetu zinafika 108. Funga kiongeza mawimbi au badilisha redio nzima. Na ukiwa bado yadi, hakikisha kadi ya SD ya ramani imo. Kwenye redio kadhaa, ikikosekana hata muziki hupati.

Nina gari la 2022 lenye kamera na rada. Jiwe lilipasua kioo cha mbele, nikabadilishiwa. Sasa usukani unanivuta wenyewe nikiwa barabara kuu. Ni majini? (Msomaji, Dodoma)

Majini hawahusiki. Kamera inayosoma mistari ya barabara imebandikwa nyuma ya kioo hicho. Kioo kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe upya kwa vifaa maalumu, kwa sababu ikikosea pembe kidogo tu inauona mstari mahali usipokuwepo. Aliyekubadilishia alikufungia kioo akakuachia kamera kipofu. Zima msaada huo wa usukani leo, na breki ya kujifunga yenyewe usiiamini, mpaka ipimwe. Kisha soma mkataba wa bima yako kubwa: je, inalipa kioo tu au na upimaji? Watu wanagundua tofauti baada ya jiwe.

Hapa ndipo ninapogombana na wauza magari mapya. Hawakwambii kwamba kioo kimekuwa kifaa cha kompyuta, na bampa lina rada ndani, na kugongwa kidogo na bodaboda kwenye foleni kunaweza kukugharimu kuliko kunyoosha bodi nzima ya gari la zamani. Wanakuonyesha skrini. Hiyo skrini nayo, hata Ulaya wameanza kuichoka: kuanzia mwaka 2026 wapimaji usalama wa Euro NCAP wanataka indiketa, hazadi, honi na waipa ziwe na vitufe au mikono ya kushika, la sivyo gari linapoteza alama kuelekea nyota tano. BMW ilijaribu kuwatoza watu ada ya kila mwezi wapashe joto viti ambavyo tayari vimo ndani ya gari lao. Mwaka 2023 ikaachana na mpango huo. Kiti cha joto hatukihitaji Dodoma, lakini desturi ya kulipia kitu ulichokwisha kukinunua ndiyo inayokuja.

Baba ana Land Cruiser mkonga yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Tunamshauri aiuze achukue Harrier ya kisasa. Anakataa. Mwambie. (Msomaji, Songea)

Mzee yuko sahihi. Mwacheni.

X-Trail yangu ya CVT ilibadilishwa oili ya gia boksi wiki iliyopita. Sasa inavuma kama ndege na inasitasita ikipanda mlima. Fundi anasema itazoea. (Msomaji, Mwanza)

Haitazoea. CVT haina gia. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. X-Trail ya toleo la T31 inataka oili ya NS-2, ya toleo la T32 inataka NS-3. Ukiweka ATF, oili ya kawaida ya gia boksi za otomatiki, ile ya chupa nyekundu, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na kila kilomita unayokwenda unaongeza bei ya kutengeneza.

Muulize fundi aliweka oili gani na umdai akuonyeshe kopo. Asipoweza kukuonyesha, chukulia ameweka isiyofaa. Usiliendeshe hadi gereji. Livutwe kwa kupakiwa juu ya gari, maana kuliburuta magurudumu ya mbele yakizunguka nako kunaiua. Oili yote imwagwe, chujio libadilishwe, sampo ifunguliwe uangalie sumaku zilizo ndani. Zikiwa na unga laini wa kijivu, bado una bahati. Zikiwa na vipande vya chuma, anza kuulizia gia boksi ya mtumba, na safari hii oili ukainunue mwenyewe.