Jina la fundi halikai kwenye safu ya majina

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuficha utambulisho wa mafundi kwenye kumbukumbu za matengenezo, niliimaliza asubuhi moja. Nilifuta safu ya jina, ya namba ya mfanyakazi na ya sahihi, nikahifadhi faili. Wachambuzi wa nje walizitaka oda zetu za kazi, yaani kumbukumbu hizo za kila tengenezo, ili watengeneze modeli ya kutabiri hitilafu, na mafundi walikuwa wameahidiwa kwamba hakuna atakayetambulika. Kabla ya kutuma, nilimwonyesha msimamizi mmoja wa karakana. Akasoma mistari kama kumi, akacheka, akaanza kunitajia watu.

Mstari wa kwanza: "Mrefu alikaza bolti nusu, zamu ya usiku imekuta pampu inavuja." Mrefu ni jina la utani, na kiwanda kizima kinamjua. Mstari wa pili haukuwa na jina lolote, ila ulihusu kuchomelea bomba usiku, na zamu ile ilikuwa na mchomeleaji mmoja tu. Wa tatu ndio ulioninyima usingizi. Kuna fundi ambaye popote penye beringi huandika "belingi". Hakuna mwingine anayeandika hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: anza na safu ya maelezo, ile ambayo fundi anajiandikia mwenyewe, na uipe sehemu kubwa ya muda wako. Safu nyingine ni kazi ya dakika chache. Oda ya kazi hueleza mashine, lakini pia hueleza nani alichelewa, nani alirudia kazi na nani alimaliza vipuri stoo. Mafundi wakihisi kwamba inaweza kusomwa kama faili la nidhamu, wataanza kuandika "imetengenezwa" na basi, na hapo hata modeli haitakuwa na cha kujifunza.

Mimi hutumia OpenRefine, programu ya kusafisha data. Ni ya bure, na ingawa unaifungua kwenye kivinjari, inafanya kazi ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo data haiendi popote. Ina njia ya kuorodhesha kila neno lililomo kwenye safu ya maandishi pamoja na idadi ya mara lilipotokea. Orodha hiyo isome yote, ndiyo, yote. Maneno yanayojirudia sana ni ya mashine: vali, mota, mafuta, mkanda. Majina ya watu na ya utani hujificha katikati, na mengine mwishoni kabisa kwa sababu yalikosewa tahajia. Ukiligawa kila neno kwenye seli yake, programu pia inaweza kukusanya maneno yanayofanana, hivyo "belingi" na "beringi" zinaweza kuletwa kwako zikae chini ya tahajia moja.

Usiharakishe kubadilisha kwa mkupuo. Nilipoiambia programu igeuze kila "mrefu" kuwa FUNDI-07, msimbo niliompa badala ya jina, nilipata mikanda FUNDI-07 na minyororo FUNDI-07 kurasa nzima. Tafuta neno pamoja na jirani zake: "Mrefu alikaza" ni mtu, "mkanda mrefu" ni kipuri.

Kuhusu msimbo wenyewe: fundi mmoja abaki na msimbo mmoja mwanzo hadi mwisho, la sivyo wachambuzi hawataona kazi zinazorudiwa. Lakini msimbo huo uchaguliwe kwa bahati nasibu, usitokane na namba yake ya kazi. Wengi huipitisha namba kwenye heshi kama MD5, yaani kanuni ya hesabu inayoigeuza kuwa herufi na tarakimu, wakiona mfuatano wa herufi zisizosomeka wanadhani wamemaliza. Mwaka 2014 kumbukumbu za safari za teksi za New York, zaidi ya milioni 170, zilitolewa kwa umma zikiwa zimefichwa kwa MD5. Namba za teksi na za leseni zina muundo unaojulikana, kwa hiyo mtaalamu mmoja alikokotoa heshi za namba zote zinazowezekana, akalinganisha, akazifichua. Namba ya mfanyakazi yenye tarakimu 4 ina uwezekano wa 10,000 tu. Kompyuta ya kawaida haihitaji hata sekunde moja.

Ukihifadhi jedwali linalounganisha misimbo na majina, jua kwamba umebadilisha majina tu, hujayaondoa. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, inahesabu data ya namna hiyo kuwa bado ni taarifa za watu. Mimi jedwali hulifuta baada ya ukaguzi wa mwisho.

Tarehe zilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilisogeza tarehe za kila mashine kwa idadi yake ya siku, nikiona nimekuwa mjanja. Matokeo yake, mota ikaonekana imeungua wiki tatu baada ya kusimama kwa konveya inayoendeshwa nayo! Sogeza tarehe za kiwanda kizima kwa idadi moja ya siku, na iwe mafungu ya 7 ili Jumatatu ibaki Jumatatu. Tukio kubwa ambalo kila mtu analikumbuka, kama moto, liondoe, maana mtu akijua tarehe yake halisi amezipata zote. Namba za usajili za mashine nazo zitoke, kwa sababu mtengenezaji anajua alimuuzia nani.

Kisha lipo kosa ambalo nusura nilifanye: kutuma mradi wenyewe wa OpenRefine. Mradi hutunza historia ya kila hatua, na anayeupokea anaweza kurudi nyuma mpaka majina yote yakajitokeza tena. Toa CSV, yaani faili la jedwali la maandishi matupu lisilo na historia, uifungue upya, uikague, ndipo uitume hiyo.

Nilirudi kwa yule msimamizi na faili jipya. Safari hii alisoma kwa muda mrefu bila kucheka. Akakisia watu watatu, wawili alikosea. Wa tatu alimpata kwa sababu kiwanda kilikuwa na kompresa moja kubwa na mtu mmoja aliyeruhusiwa kuigusa. Niliiweka kompresa hiyo kwenye kundi moja na vipuliza hewa, nikampa faili tena.