Kutembea masafa marefu kwa sisi tusio wanamichezo

Shuleni nilikuwa mkia wa mchakamchaka, na kipindi cha michezo kikifika nilikuwa na kichwa kinauma. Nalitanguliza hili ili usidhani unashauriwa na mtu mwenye mwili wa riadha. Leo naweza kutoka hapa Tabora mjini, nikatembea kilomita 20 asubuhi moja, na jioni nikasimama jikoni kama kawaida. Kutembea masafa hakudai kasi. Kunadai saa nyingi za kuwa miguuni, na saa hizo mwili wowote wenye afya unazizoea ukiziongeza kidogo kidogo.

Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walilijua hili. Walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kutoka bara hadi Bagamoyo, safari ya miezi, na hawakukimbia. Misafara iling'oa nanga alfajiri, na jua lilipopamba moto watu walikuwa wameshatua mizigo. Ratiba yao ndiyo naifuata: saa 11 alfajiri niko njiani, saa 4 asubuhi natafuta kivuli. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua la Tabora si la kushindana nalo.

Mwezi wa kwanza usihesabu kilomita. Tembea nusu saa, siku nne kwa wiki, basi. Kipimo cha mwendo ni salamu: mzee akikuambia "mwangaluka" ukashindwa kuitikia mpaka mwisho na kuulizia habari za nyumbani bila kuhema, unakwenda mbio mno. Baada ya hapo chagua siku moja ya wiki iwe ya safari ndefu, uongeze kilomita moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne upunguze ili mwili ujijenge. Mtu wa kawaida huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Lengo zuri la mwanzo ni Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Kurudi si lazima kwa miguu, bodaboda zipo.

Sasa miguu, maana hapa ndipo wengi wanapokatia tamaa wakidhani pumzi ndiyo imewashinda. Viatu vya mtumba vinafaa kabisa, ila geuza soli uitazame: kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, kiache, kitakulazimisha utembee kama mwenyewe wa kwanza. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na ubaki upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Soksi za pamba tupu hunywa jasho na kubaki nalo, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa huota malengelenge. Za nailoni au mchanganyiko ni afadhali. Kata kucha siku mbili kabla. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, kwenye visigino, na (kina mama wenzangu, tusioneane haya) katikati ya mapaja, au vaa taiti ndani ya gauni. Ukisikia sehemu inaanza kuwaka moto, simama papo hapo ubandike plasta. Usijiambie utaifikia nyumbani.

Maji kunywa kwa kiu, na safari ikizidi saa mbili usinywe maji matupu, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi: ni kinywaji kilekile cha mtoto anayeharisha, na kinatosha. Karanga mfukoni hazikosi.

Ukipita porini kwenye miombo, acha nguo za bluu iliyokolea, mbung'o wanazipenda. Barabarani tembea upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja. Mwenye presha au sukari amwone daktari kwanza, na wa sukari akague nyayo zake kila anaporudi.

Watu watakuuliza kama umekosa nauli. Wajibu upendavyo. Uholanzi, mjini Nijmegen, kuna matembezi ya siku nne yaliyoanza mwaka 1909, kilomita 30 hadi 50 kwa siku, na maelfu wanayajia, wazee wakiwemo. Hakuna anayewapa nauli.

Kesho yake choo cha kuchuchumaa kitakuwa mtihani. Usilale kutwa, tembea polepole dakika 20, maumivu ya misuli huisha ndani ya siku mbili tatu. Yakiwa kwenye goti au mguu mmoja tu, na wiki imepita bado yapo, pumzika uende ukapimwe.