Barua kwa mwanangu: kwa nini maduke wa Burgundy hawakuvaa taji

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako kutoka Dijon nimeipata, pamoja na picha ya kaburi la Philippe le Hardi, duke wa kwanza wa ukoo wake, na vile visanamu vya alabasta vya waombolezaji, waliojifunika majoho hata nyuso za baadhi yao hazionekani. Umeniuliza imekuwaje ukoo ule wa maduke, yaani watawala wa jimbo la Burgundy mashariki mwa Ufaransa, uliotajirika kiasi cha kushindana na mfalme wa Ufaransa, ukatawala zaidi ya miaka 100 bila hata mmoja wao kuvaa taji.

Jibu naliona katika namna mali yenyewe ilivyopatikana. Philippe alikuwa mtoto wa nne wa kiume wa Mfalme Jean wa Pili, wa nyumba ya Valois, na kwa nafasi hiyo hakuwa na taji la kungojea. Lakini mwaka 1356, akiwa na miaka 14, alisimama na baba yake vitani Poitiers mpaka Waingereza wakawateka wote wawili, na mwaka 1363 baba akamtunuku Burgundy, ambayo duke wake alikuwa amefariki mwaka 1361 bila mtoto. Tunu hiyo haikumtoa chini ya mfalme. Na kizazi cha kiume kikikatika, mfalme angedai chake.

Utajiri hasa aliuoa. Mwaka 1369 alimwoa Marguerite, binti wa mtawala wa Flanders, nchi ya pwani kaskazini mwa Ufaransa, na mjane wa yuleyule duke marehemu. Mkwewe alipofariki mwaka 1384, wakarithi Bruges, Ghent na Ypres, miji ya wafumaji na wauza nguo za sufu, pamoja na nchi ya ng'ambo ya mto Saône, ambayo mkubwa wake hakuwa mfalme wa Ufaransa bali kaisari wa Wajerumani. Hapo ndipo penye fundo, mwanangu: huku ni mtu wa mfalme, kule ni mtu wa kaisari, na kila mji unang'ang'ania haki zake za zamani. Mjukuu wa Philippe le Hardi, Philippe le Bon, aliongeza Brabant, Holland na Luxembourg, na mwaka 1430 akaanzisha Jumuiya ya Ngozi ya Dhahabu ili kuwafunga makabaila wakubwa kwa kiapo kimoja, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la busara kuliko vita vyake vyote.

Mwanawe Charles alilitaka taji waziwazi. Mwaka 1473 alikutana na Kaisari Friedrich wa Tatu mjini Trier, maandalizi ya kumtawaza yakaanza, kisha kaisari akapanda mashua kabla hakujapambazuka, akaenda zake. Tarehe 5 Januari 1477 Charles aliuawa vitani nje ya mji wa Nancy, na maiti yake ikaokotwa siku mbili baadaye kwenye barafu. Hakuacha mtoto wa kiume. Mfalme Louis wa Kumi na Moja aliitwaa Burgundy bila kukawia, naye binti wa Charles, Marie, akaolewa mwaka huohuo na Maximilian, mtoto wa kaisari yuleyule aliyetoroka Trier, na nchi za kaskazini zikaingia mikononi mwa ukoo wa Habsburg.

Ni mimi baba yako.