“Gesi huru” imeachana na nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Moshi. Tunaandaa orodha ya istilahi kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha kwanza waliosoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, na tumekwama kwenye “gesi huru”. Mwenzangu wa kemia anaipa maana moja, mimi nyingine, na muuguzi tuliyemwuliza anasema hospitalini husikia “hewa huru”. Je, gesi inaweza kuwa huru? Lini tuseme hewa na lini gesi? Na wingi ni “magesi”?

JIBU: Mwalimu, kisarufi hamna kosa. “Huru” ni kivumishi kisichobeba kiambishi, sawa na “safi” na “hodari”, na hakijawahi kuwa mali ya watu peke yao. Tuna soko huru, tuna mashairi huru. Ila msikilizaji wa Kiswahili akisikia “huru” hutaka kujua kitu hicho kimetoka mikononi mwa nani. Soko huru limeachana na bei za kupangiwa. Shairi huru limeachana na vina na mizani. Gesi je? Hapo ndipo mlipogongana, maana kila fani ina jibu lake.

Kwako wewe, gesi huru ni ile ambayo molekuli zake hazivutani. Kila moja inakwenda zake mpaka igongane na nyingine au na ukuta wa chombo. Hakuna gesi iliyo hivyo kikamilifu, lakini hewa ya kawaida inakaribia sana, ndiyo maana kanuni aliyoitoa Robert Boyle mwaka 1662 haijastaafu: jotoridi lisipobadilika, kanieneo (yaani mgandamizo) ikishuka, ujazo unaongezeka. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaijua bila kuisomea. Pakiti ya krispi iliyopita geti la Marangu ikiwa imelegea hufika kambi ya Kibo, zaidi ya mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, imevimba tayari kupasuka, maana huko juu kanieneo ya hewa imeshuka.

Mwenzako wa kemia anazungumzia muungano. Oksijeni iko tele katika maji na katika miamba, lakini huko imeungana na elementi nyingine. Oksijeni huru ni ile ya hewani, na dunia haikuzaliwa nayo: ilianza kulimbikana angani takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita, ikitolewa na bakteria wanaotumia nuru ya jua.

Wajiolojia hamkuwauliza, na wao ndio wenye habari nzito zaidi. Chini ya ardhi gesi inaweza kuwa imeyeyuka ndani ya mafuta, maji au zaha, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto. Ikijitenga ikafanya mapovu au tabaka lake yenyewe, ndipo wanapoiita huru. Fungua chupa ya soda utaona jambo hilohilo: kizibo kinaondoka, kanieneo inashuka, na gesi ambayo haikuonekana inatoka kwa fujo. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifanya hivyo. Kabonidayoksaidi iliyokuwa imeyeyuka katika maji ya chini ilifumuka, ikateremka mabondeni, na watu wapatao 1,700 wakafa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, hivyo hutuama mashimoni. Waswahili wa Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, huyaita mashimo hayo “mazuku”, na wanasayansi wa volkano duniani wamelichukua neno hilo kama lilivyo, hata wanapoandika Kiingereza au Kifaransa. Huwa nawakumbusha hilo wanaodai lugha yetu haina la kuipa sayansi.

Muuguzi wenu naye hajakosea. Hewa ndani ya utumbo si ajabu. Ikionekana kwenye eksrei ikiwa nje ya utumbo, chini ya kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo), kwa mgonjwa ambaye hajapasuliwa tumbo siku za karibuni, daktari hushuku kwamba tumbo au utumbo umetoboka.

Kwa hiyo msiiandike “gesi huru” peke yake kwenye orodha yenu. Kiswahili kimejaliwa urejeshi, utumieni: gesi ambayo molekuli zake hazivutani, oksijeni isiyoungana na kitu, gesi iliyojitenga na mafuta, hewa iliyotoka nje ya utumbo. Ni maelezo marefu, najua, na watu wa istilahi hupenda neno mojamoja. Mimi nitamtetea mwanafunzi anayetaka kuelewa kabla ya kukariri.

Kuhusu hewa na gesi: gesi ni hali ya maada, pamoja na yabisi na kimiminika. Hewa ni mchanganyiko mmoja wa gesi, huu tunaovuta, wenye naitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21 na argoni karibu asilimia 1. Ndiyo maana siipendi “hewa ya oksijeni”. Semeni oksijeni, basi. Waongoza watalii wakisema “oksijeni inapungua” kileleni, wanamaanisha kila pumzi inaingiza kidogo, na hilo ni kweli, kwani kwenye mita 5,895 kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani. Lakini asilimia ni ileile 21. “Hewa nyembamba” ndiyo inayonikera. Wembamba ni wa uzi na wa njia. Hewa huwa nyepesi au haba.

“Hewa ukaa”, yaani kabonidayoksaidi, inavunja kanuni yangu, nami nimeiacha ivunje. Neno limeshaota mizizi: vijiji vya Bonde la Yaeda wilayani Mbulu vinafanya biashara ya hewa ukaa, na hakuna atakayerudi nyuma kuiita gesi. Ninachokataa ni kuitumia kwa vifo vya jiko la mkaa. Baridi ya Juni na Julai ikibana hapa Arusha, watu huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha, na wakikutwa wamekufa habari husema wameuawa na hewa ukaa. Muuaji ni gesi nyingine, kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayong’ang’ania chembe nyekundu za damu na kuinyima oksijeni nafasi. Wanafunzi wenu wazitenganishe hizo mbili mapema.

Wingi ni uleule: gesi hii, gesi hizi. “Magesi” tuwaachie wenye tumbo lililojaa.