Jodha, na aliyelala chini ya ukuta wake

Mhariri, swali lenu la wiki, "Mwanzilishi gani wa mji unamhusudu?", nilidhani nitalimaliza kwa jina moja: Rao Jodha, mtawala wa ukoo wa Rathore kule Rajasthan, India. Baba yake, Ranmal, aliuawa mwaka 1438 huko Chittor, makao makuu ya ufalme jirani wa Mewar. Jodha akatoroka, na Mandore, makao yao, yakaangukia mikononi mwa Mewar. Aliyarudisha mwaka 1453. Husimuliwa kwamba akiwa mafichoni aliungua vidole kwa kutia mkono katikati ya mseto wa moto, na bibi mwenye nyumba, asiyemjua, akamcheka: unakula kama Jodha anavyoivamia Mandore yenyewe, huanzii pembeni! Mwaka 1459 akaanza ngome ya Mehrangarh juu ya mwamba, kusini ya Mandore, na mji wa Jodhpur ukakua chini yake.

Nilifika pale nikiwa mwanafunzi. Wenzangu walikuwa wakipiga picha nyumba za buluu kule chini, mwongozaji akatuita penye jiwe lenye maandishi. Hapa, akasema, alizikwa Raja Ram Meghwal, akiwa hai, ndani ya msingi. Mtawa aliyekuwa akiishi mlimani, Cheeria Nathji, alikuwa amefukuzwa akaapiza mahali hapo pakose maji, na kafara ya mtu ndiyo iliyoonekana kuwa dawa. Mwongozaji akasisitiza kuwa Raja Ram alikubali kwa hiari. Nikamuuliza: Meghwal, watu wa tabaka la chini kabisa, angemkatalia mfalme vipi? Akajibu kwamba ukoo wake ulipewa shamba. Nikauliza tena. Akatuhimiza twende kwenye mizinga, jua lisije likatuchoma.

Kwetu msingi huchinjiwa mbuzi, watu wakala pilau, basi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba maji yalipatikana kwa njia nyingine. Mke wa Jodha, Jasmade wa ukoo wa Hada, ndiye anayetajwa kujenga bwawa la Ranisar chini ya ngome. Na ukame haukukoma Marwar, nchi ya Jodha.

Hata hivyo siwezi kumfuta Jodha. Mwanawe Bika alikwenda kuanzisha mji wa Bikaner, na mji wa baba bado unaishi. Basi andikeni Jodha, maana mmeuliza mwanzilishi. Ila nafasi ikiruhusu majina matatu, Raja Ram atangulie, Jasmade afuate.