Maswali yenu: Picha si kipimo

Karibu nusu ya barua za safari hii zinauliza habari za volkano za sayari nyingine, na nyingi zimekuja na picha ya kupokezana WhatsApp. Nimeshasema, picha si kipimo. Haya, tuanze.

Wanajuaje kilichomo chini ya ardhi ya Mirihi na hakuna aliyekwenda kuchimba? (Likoni)

Niliwahi kumtazama fundi bomba mmoja mzee pale Mji wa Kale akitafuta paipu ya zamani. Hakushika sururu kwanza. Alichuchumaa, akainamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na ardhi ya kichochoro, akauona ukanda mwembamba uliozama kidogo tu. “Imepita hapa.” Alipochimba, ikawa hapo hapo.

Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, nayo huacha alama. Ikipanda kama ukuta wa wima na kukwama kabla ya kutokeza, huusukuma mwamba kushoto na kulia. Ardhi ya juu huvutika, ikakatika kwa nyufa mbili sambamba, na kipande cha katikati kikadidimia kikawa mfereji. Nyufa hizo huinama kwa takriban nyuzi 60 na kukutana huko chini, karibu na kichwa cha ukuta. Basi mfereji wenye upana wa kilomita 2 unakwambia kichwa hicho kiko kama kilomita 1.7 chini. Ni hesabu ya pembetatu ya sekondari, ile mliyoikimbia.

Na vipimo vyenyewe havikisiwi kwa macho. Chombo cha Mars Global Surveyor kiliipiga Mirihi kwa leza zaidi ya mara milioni 600 hadi 2001, na muda wa mwale kwenda na kurudi ndio uliotoa urefu wa kwenda juu wa kila mahali. Mifereji ya Cerberus Fossae, yenye kwenda zaidi ya kilomita 1,000, ilishukiwa kwa muda mrefu kuwa na magma chini yake. Kisha InSight, chombo kilichotua Mirihi 2018 na kipima mitetemeko, kikasikia mitetemeko mingi mikubwa ikitokea upande huo huo.

Lakini ardhi ikivutwa tu, bila magma yoyote, hutoa mfereji unaofanana na huo. Mtu akikuonyesha mfereji akaapa kuna magma, mwambie alete ushahidi wa pili.

Ile sura ya binadamu kwenye Mirihi je? (Nyali)

Ni kilima. Jua lilikuwa chini picha ilipopigwa 1976, vivuli vikachora macho na mdomo. Hii ni mara ya nne kulijibu swali hili, na ndiyo ya mwisho.

Ule ufa wa Mai Mahiu wa 2018 si ishara kuwa Afrika inapasuka kwa magma? (Kisauni)

Mvua kubwa ilinyesha, ikakokota udongo wa majivu ya volkano, shimo likatokeza barabarani. Bonde la Ufa linatanuka kweli, lakini polepole, milimita chache kwa mwaka. Mnaotaka tukio lenyewe, tazameni Gelai, Tanzania, Julai 2007: magma ilipenya chini kwa chini, na rada za satelaiti zikapima ardhi ilivyozama. Au Afar, Ethiopia, 2005: ukuta wa magma wa kilomita kama 60, mahali pengine upana wa mita 8. Kanuni zinazopelekwa Mirihi hujaribiwa huku kwetu kwanza, maana huku unaweza kwenda kwa miguu ukahakikisha.

Karibu na Mombasa kuna volkano? (Ukunda)

Nawe unaishi Kwale! Vilima vya Jombo na Mrima ni mizizi ya volkano ya kale. Mmomonyoko ukaondoa paa, matumbo yakabaki nje. Kile tunachokisia Mirihi, hapo unakishika kwa mkono. Ila mawe ya Mrima msiyabebe kupeleka nyumbani. Yana thoriamu, madini yenye mnururisho, tena ule ni msitu mtakatifu wa kaya, una wenyewe.

Zuhura imefunikwa na mawingu. Wanaonaje? (Changamwe)

Kwa rada. Chombo cha Magellan kiliipima karibu sayari nzima kati ya 1990 na 1994. Mwaka 2023 watafiti wawili walilinganisha picha za chombo hicho za Februari na Oktoba 1991, wakakuta tundu moja karibu na mlima Maat limepanuka na kubadilika umbo. Data ilikaa kabatini miaka thelathini! Na zile picha za milima ya Zuhura iliyochongoka kama sambusa? Urefu umezidishwa mara nyingi ili upendeze. Milima mingi ya huko ni mipana na imelala.

Nataka kujaribu mwenyewe, nianzie wapi? (Makadara)

Ramani za urefu za Mirihi na Mwezi ni bure mtandaoni. Bando likikuruhusu, zishushe. Chagua mfereji mmoja, chora mstari unaoukata, andika urefu hatua kwa hatua. Na kwenye pembe ya mchoro andika urefu umezidishwa mara ngapi. Usipoandika, usinitumie.