Bourbon ya miaka 12: unajuaje kama umri umeisaidia?

Mkuu, umesema shemeji yako kakuletea Knob Creek ya miaka 12 kutoka Marekani, yaani bourbon, wiski ya Wamarekani inayotokana hasa na mahindi, na unauliza uionje vipi, na kama ilikuwa afadhali aongeze hela achukue ya miaka 18. Naishi Lexington, Kentucky, maghala ya wiski hayako mbali na hapa kwa gari, na kinywaji hiki nakipenda kwa dhati, kwa hiyo uniwie radhi nikiandika kirefu.

Kwanza weka pembeni hesabu za wiski ya Uskoti. Kule nyingi hulazwa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika, mengi yakiwa yametoka huku huku kwenye bourbon, na hali ya hewa ni ya ubaridi, kwa hiyo miaka 18 haiitishi. Bourbon sheria inataka ilale kwenye pipa jipya la mbao za mwaloni lililochomwa ndani. Kiangazi cha Kentucky kikipamba moto, wiski inatanuka na kuzama kwenye mbao. Baridi ikiingia inarudi ndani ya pipa pamoja na ilichochota huko: vanila, sukari iliyoungua, na tanini pia, ule ukakasi wa mbao. Huku nyuma mvuke unaondoka, asilimia 3 hadi 5 hivi kwa mwaka. Pipa la lita 200 likifika miaka 12, theluthi yake au zaidi imeshapotelea hewani. Ndiyo sababu bei hupanda na umri: unalipia na ile iliyotoweka. Utamu wa iliyobaki ni suala jingine kabisa.

Mimi bourbon iliyokaa sana naipima kwa swali moja: mahindi bado yapo? Kisheria nafaka yake lazima iwe mahindi kuanzia asilimia 51. Ikizeeka vizuri, chini ya mwaloni bado unaukuta ule utamu wa nafaka. Ikipitiliza, unakunywa mbao.

Sasa chupa yako. Mimina kidogo kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, uiache kama dakika 10. Usiizungushe kama divai. Chupani imeandikwa 100, kipimo cha Wamarekani ambacho ukikigawa kwa mbili unapata asilimia 50 ya kilevi, na mvuke wake ukiupandisha ghafla utakufa ganzi pua. Nusa kwa mbali huku mdomo uko wazi kidogo, halafu sogeza taratibu. Rangi isikubabaishe. Bourbon hairuhusiwi kutiwa rangi, kwa hiyo weusi huo ni wa pipa kweli, ila unakuambia habari za mbao tu.

Funda la kwanza ni la kuzoesha mdomo, usilitolee hukumu. La pili lizungushe, litafune kama chakula, ndipo umeze na unyamaze. Humo kwenye miaka 12 mimi napata karanga za kukaanga, ambazo ni kama alama ya ukoo wa Jim Beam wanaoitengeneza, kisha karameli nzito, mdalasini, tumbaku kwa mbali. Lakini kazi yenyewe ni baada ya kumeza. Sikilizia ufizi na pande za ulimi. Joto litashuka kifuani, hilo ni la kawaida. Ukihisi ukakasi kama wa bibo, ulimi unashikwa na mate yanakauka, hiyo ni tanini. Kidogo inapendeza, inaufanya utamu usikinaishe. Ikitawala mpaka karameli imepotea na unabaki na uchungu mtupu, pipa limeshinda.

Kisha dondoshea maji, matone machache tu, na uonje tena. Hapa ndipo ninapoiamini au kuikataa. Iliyokomaa vizuri hufunguka, vanila na matunda hujitokeza. Iliyozidiwa na mbao, moto ukishapungua, uchungu ndio hubaki peke yake mbele.

Kama unaweza kupata ya miaka 9 ya jina hilo hilo, ziweke pamoja. Ni jaribio zuri mno, kwa sababu zote mbili ni asilimia 50, kwa hiyo nguvu ya kilevi haikuchanganyi na tofauti unayoionja kubwa ni ya umri. Ya 18 nayo ni 50. Kuhusu hiyo, msimamo wangu ni huu: harufu yake ni ya ajabu, unaweza kukaa nayo puani jioni nzima, lakini ulimini mwaloni unatangulia na mahindi nayatafuta. Shemeji kafanya vizuri kuchukua ya 12.

Kumbuka pia kwamba mapipa mawili ya siku moja hayazeeki sawa. Ghorofa za juu za ghala zina joto zaidi, pipa la huko linakwenda mbio kuliko la chini, na maji yakitangulia kupotea kilevi kinapanda. Namba ya kwenye lebo ni umri wa ile changa kuliko zote zilizomo chupani, basi.

Na ukishaifungua usiiweke akiba ukidhani itaendelea kukomaa. Kukomaa kuliishia kwenye pipa. Isimamishe wima mbali na jua, kizibo kisilowe, na ikishafika chini ya nusu usiikawize, hewa itaanza kuipunguza ladha.